Maneno makubwa ya Kiingereza tuko nayo tayari, yanayotushinda ni madogo



Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinapita kila mara orodha za maneno ya Kiingereza ya kiwango cha juu. Mtu anakamata daftari, anakariri mia moja, halafu anafungua ofa ya kazi ya ONG na mstari wa kwanza unamshinda. Wengine wanasema ni akili ndogo. Mimi nasema ni historia. Tukiangalia vile hiyo lugha ilijengwa, tutaona kama hizo orodha hazikutengenezwa juu yetu.

Mbele ya mwaka 1066, raia wa Uingereza walisema lugha ya ukoo mmoja na Kijerumani. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule, William wa Normandie alimshinda mfalme Harold kule Hastings. Wakubwa wapya wakakuja na Kifaransa chao. Kwa muda mrefu Kifaransa kikakuwa lugha ya nyumba ya mfalme na ya tribinali, na Kilatini lugha ya kanisa na masomo. Mlimaji, yeye, akabaki na lugha yake. Hata leo alama iko: ng'ombe akiwa shambani ni "cow", nyama yake ikifika mezani ni "beef", yaani bœuf. Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton", yaani mouton.

Mwaka 1362 ikatoka sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, juu raia hawakuelewa Kifaransa cha tribinali. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mwenye aliisha kumsindikiza mama yake tribinali huku kwetu anajua hiyo hali.

Kisha, kwenye miaka ya 1500, watu wa masomo wakaingiza maneno mengi ya Kilatini na Kigiriki. Wengine walikasirika. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha 1553, aliwacheka wale wanaojaza maneno ya kigeni ili waonekane wasomi. Lakini maneno yalibaki, na ikabidi yaelezwe. Mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey akatoa kitabu cha maneno magumu karibu 2,500, kila neno na maana yake kwa Kiingereza rahisi. Njo kinahesabiwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakikuweka maneno ya kila siku. Kiliandikwa kwa wanawake na watu wengine ambao hawakupata nafasi ya kusoma Kilatini.

Hapo njo penye fundo. Orodha ya "maneno magumu" ilizaliwa kwa kusaidia mtu asiye na Kilatini. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, mtoto wa Kilatini, miaka na miaka. Mwagronomi wa Kongo hana haja ya kufundishwa "erosion", "irrigation", "fertile" wala "germination". Anayajua toka oditware. Lakini mpe "weed", "sow", "yield" na "drought", anasimama. "Weed" ni majani mabaya ya shamba, "sow" ni kupanda mbegu, "yield" ni mavuno kwa hektari, "drought" ni ukame. Hayo yote ni maneno ya yule mlimaji wa mbele ya 1066. Kifaransa hakina msaada hapo, na ripoti za shamba zimejaa hayo hayo.

Kuna hatari ingine. Maneno yalipovuka bahari, mengine yaligeuka maana. "Demander" kwa Kifaransa ni kuomba kwa heshima, lakini "demand" ni kudai kwa nguvu. Mtu akiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba "ana-demand" nafasi, mkubwa wa ofisi anaona kiburi. "Éventuellement" ni pengine, lakini "eventually" ni hatimaye. Ukimuandikia bailleur kama mbegu zitafika "eventually", umemuahidi kwamba zitafika, siyo kwamba labda zitafika. Na hata neno lisipogeuka maana, uzito wake unaweza kugeuka: kwetu "commencer" ni neno la kila siku, lakini "commence" linanuka tribinali. Mwingereza anasema "begin" au "start".

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ofa za kazi za Kiingereza zinatufikia. Vijana wanatoa makuta yao kwa kulipia masomo ya "high vocabulary", na wengine wanalipia kile wako nacho tayari.

Shauri langu ni hili. Gawa daftari lako mara tatu. Upande mmoja, maneno yanayofanana na Kifaransa: jifunze tu matamshi. Upande wa pili, maneno yaliyogeuka maana: hayo yaogope. Upande wa tatu, maneno mafupi ya shamba, ya jiko na ya kazi, pamoja na vile yanaungana, kama "give up" kuacha kabisa, ao "run out" kuishiwa. Hapo njo weka jasho lako.

Kwenye fani yako, ni neno gani fupi la Kiingereza linakusumbua? Liandike hapa chini, wenzako watakusaidia.