Erma Bombeck: mama wa nyumbani aliyewachekesha Wamarekani, kisha akawaudhi

Karne moja tangu azaliwe Erma Bombeck inatimia Februari 21, 2027. Mitandaoni bado inazunguka safu yake moja ya mwaka 1979, ya mwanamke anayewaza angeishi vipi kama angepewa maisha mara ya pili. Watu huitumiana kama wosia wa mgonjwa wa saratani anayekata roho. Ilipochapishwa alikuwa na miaka 52, na saratani ilikuja kumpata mwaka 1992. Mwandishi aliyeishi kwa kuchekesha anakumbukwa kwa kuliza watu!

Chuo Kikuu cha Dayton, jimboni Ohio, alikosoma, ndicho kinachotunza jina lake kuliko wengine. Huko hupenda kusimulia habari za Bruda Tom Price, mwalimu wa Kiingereza aliyemwambia binti huyo kwamba anaweza kuandika, kana kwamba kila kitu kilianzia hapo. Lakini Erma alikuwa ameshaingia chumba cha habari cha Dayton Herald mwaka 1942, akiwa na miaka 15, msichana wa kutumwa huku na kule. Baba yake, mwendesha winchi wa manispaa, alikuwa amefariki Erma akiwa na miaka tisa.

Aliolewa na Bill Bombeck mwaka 1949, wakalea watoto watatu. Mwaka 1964 gazeti dogo la mitaani, Kettering-Oakwood Times, lilikubali kumlipa dola 3 kwa safu. Aliandikia chumbani kwake, juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali ya saruji. Mwaka uliofuata Journal Herald la Dayton likamchukua, na baada ya wiki chache tu safu yake, At Wit's End, ikawa inauzwa kwa magazeti mengine nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inatoka katika magazeti yapata 900. Mada zenyewe? Soksi zinazoingia mbili kwenye mashine ya kufulia na kutoka moja, watoto wasiosikia, mume asiyejua vitu vinakaa wapi.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa unamsubiri. Mwaka 1963, Betty Friedan alitoa The Feminine Mystique, kitabu kilichowasha upya harakati za wanawake Marekani. Ndani yake aliwashambulia wanawake walioandika vichekesho vya nyumbani, akina Shirley Jackson na Jean Kerr. Kwa hoja yake, wanawafanya wenzao wacheke kifungo chao ilhali wao wenyewe wana kazi zao za kuandika. Bombeck alianza safu yake mwaka mmoja tu baadaye, katika mkondo uleule. Mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda na wenzake kumsikiliza Friedan, wakarudi wakijiona wamekaripiwa. Malalamiko yake ni kwamba wanaharakati walijianzishia vita bila kuwaalika akina mama wa nyumbani.

Naona wote wawili walikuwa na haki yao. Friedan alisema kweli kwamba kicheko kinaweza kumtuliza mtu mahali asipopaswa kutulia. Ila mwanamke mwenye mtoto kiunoni na sufuria jikoni hamsikilizi anayeanza kwa kumdharau. Bombeck alikuwa ameshasikilizwa.

Na alipoamua, sauti hiyo aliitumia. Mwaka 1978 aliingia katika kamati ya kumshauri rais kuhusu masuala ya wanawake, kisha akazunguka majimboni pamoja na mwanaharakati Liz Carpenter kuyapigia debe marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake haki sawa. Wahafidhina wakamjia juu, na baadhi ya maduka yakaondoa vitabu vyake. Juni 1982 muda ukaisha: majimbo 35 yalikuwa yameridhia, yalihitajika 38. Wanaomwita Bombeck mama mpole wa vichekesho huiruka miaka hiyo, na hapo wanamwonea.

Televisheni ilimpa nafasi kwenye Good Morning America kwa miaka 11, ingawa tamthilia yake, Maggie, ilizimwa baada ya vipindi 8. Ugonjwa wa figo aliujua tangu ana miaka 20, akauficha kwa wasomaji hadi 1993. Aprili 1996 alipandikizwa figo mjini San Francisco. Safu ya mwisho ilitoka tarehe 17 mwezi huohuo. Akafariki tarehe 22.

Chuo chake huendesha warsha ya waandishi wa ucheshi kwa jina lake tangu mwaka 2000.