Mchoro, Mjenzi na Rubani: Ndege Ndogo Zilizoundwa Nyumbani, 1933–1997

Utangulizi

Historia ya urubani, kama inavyoandikwa kwa kawaida, ni historia ya majeshi, mashirika na viwanda. Mtu binafsi hutokea mwanzoni tu, enzi za ndugu Wright na Alberto Santos-Dumont, kisha hutoweka mara viwanda vinaposhika hatamu. Makala hii inamfuata mtu huyo baada ya kutoweka kwake: fundi wa kawaida, asiye mhandisi, aliyenunua mbao, gundi na kitambaa, akaunda ndege ndani ya banda la nyumbani, akaifunga injini ya pikipiki au ya gari, kisha akaketi ndani yake yeye mwenyewe. Swali linaloongoza uchunguzi huu si kwa nini watu hao walithubutu. Tamaa ya kuruka haihitaji maelezo marefu. Swali ni hili: ndege iliyoundwa nyumbani ilipoanguka, kosa lilitafutwa wapi? Je, ni katika mikono ya mjenzi, katika mchoro aliopewa, au katika uamuzi wa rubani?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba macho ya wakosoaji yalielekezwa mno kwenye mikono ya mjenzi. Waliamini kuwa seremala asiye na cheti hawezi kuunda kitu cha kuaminika angani. Hata hivyo, visa viwili vilivyochunguzwa kwa kina vinaonyesha hatari ikiwa imejificha kwingineko. Katika kisa cha kwanza ilikuwa ndani ya mchoro wenyewe. Katika cha pili ilikuwa katika kifaa kimoja kidogo kilichohamishwa kutoka mahali mchoro ulipokiweka.

Henri Mignet na Chawa wa Angani

Henri Mignet alizaliwa mwaka 1893 magharibi mwa Ufaransa. Alipenda ndege tangu ujana wake, lakini alipata shida kubwa kuzizoea zile za kawaida, ambazo humtaka rubani atumie mikono na miguu kwa wakati mmoja: fimbo ya kuongozea kwa mkono, na pedali za usukani wa mkia kwa miguu. Mignet aliichukulia shida hiyo kuwa kasoro ya ndege, wala si yake. Alichokiogopa zaidi ni hali ambayo bawa hupoteza ghafla nguvu ya kuinua kwa sababu limeinuliwa mno dhidi ya upepo, na ndege ikaanguka huku ikizunguka kama pia. Hali hiyo iliua wanafunzi wengi wa urubani wa enzi zake, na bado huua hadi leo.

Jibu lake lilikuwa ndege aliyoiita HM.14, iliyojulikana zaidi kwa jina la Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. (Waingereza walipoipokea walimbadili mdudu, wakaiita kiroboto.) Iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 1933. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na juu, jingine nyuma kidogo na chini, nayo yalikaribiana kiasi cha ncha ya nyuma ya bawa la kwanza kuwa karibu juu ya ukingo wa mbele wa bawa la pili. Haikuwa na pedali. Rubani alipovuta fimbo kuelekea kwake, bawa zima la mbele liliinama kwenye egemeo lake na kuukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi, na pua ikainuka. Alipoisukuma fimbo kushoto au kulia, usukani wa mkia uligeuka, na mabawa yaliyopinda kuelekea juu kwenye ncha yakailaza ndege upande unaotakiwa. Kwa nadharia ya Mignet, upepo uliopita katika pengo baina ya mabawa hayo ungelilinda bawa la nyuma lisipoteze nguvu, na hivyo ndege isingeweza kuanguka kwa kuzunguka. Katika hili alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana kisa chake kinastahili kusomwa kwa makini. Hakuwa mlaghai wala mpumbavu.

Vifaa vilikuwa vichache. Kiunzi kilikuwa cha plaiwudi, mabawa yalikuwa ya mbao nyepesi yaliyovikwa kitambaa, na injini ya kwanza ilikuwa Aubier-Dunne ya takriban nguvu farasi 17. Mwaka 1934, yaani mwaka mmoja hivi baada ya ndege hiyo kuruka kwa mara ya kwanza, Mignet alichapisha kitabu Le Sport de l'Air, kilichokuwa na michoro na maelekezo ya kumwezesha msomaji kujiundia ndege hiyo. Alidai kwamba anayeweza kupigilia misumari sanduku la mbao anaweza pia kuunda ndege. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1935, na mwezi Agosti mwaka huohuo Mignet aliruka na ndege yake kuvuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Wimbi likaanza. Uingereza peke yake ilisajili zaidi ya ndege 100 za aina hiyo, mbali na zile zilizoanzwa bila kukamilishwa. Wizara ya Anga ya Uingereza, ambayo kwa kawaida ilidai cheti kamili cha ndege kustahili kuruka, ilitoa kibali chepesi kwa ajili ya ndege hizi. Watu waliokuwa hawana uwezo hata wa kulipia saa chache katika klabu ya urubani sasa walikuwa na ndege kwa gharama ya chini ya pauni 100.

Kilichofuata kinajulikana, ila kimefasiriwa vibaya mara kwa mara. Tangu mwanzo wa 1936 ajali za kuua zilifuatana Ufaransa na Uingereza, nazo zilifanana mno. Ndege ilikuwa ikiruka, pua ikaanza kushuka, na badala ya kuinuka tena ikazidi kuinama hadi ndege ikajibamiza ardhini, mara nyingine ikiwa imepinduka mgongo chini. Lawama ilikuwa tayari: mafundi wasiojua kazi, gundi mbaya, marubani wasiofunzwa. Lakini miongoni mwa waliokufa walikuwamo marubani wenye uzoefu, wakiwemo maofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza. Fasiri ya mikono mibovu haiwezi kueleza kwa nini mtu aliyezoea kurusha ndege za kivita ashindwe kuinua pua ya kijidege cha plaiwudi ambacho hakikuvunjika angani.

Jibu lilipatikana katika handaki la upepo, yaani ukumbi ambamo feni kubwa husukuma hewa kupita juu ya kitu kilichotulizwa ili nguvu zinazokisukuma zipimwe. Wafaransa walifanya vipimo Chalais-Meudon na Waingereza Farnborough, nao hawakutumia vielelezo vidogo bali ndege kamili. Walibaini kwamba pengo lile ambalo Mignet alilisifu lilikuwa na sura ya pili. Pua ilipokuwa imeinama kiasi cha kutosha, na rubani, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili timamu, akavuta fimbo ili kuiinua, bawa la mbele liliinamia pengo na kuharakisha hewa juu ya bawa la nyuma. Bawa la nyuma likapata nguvu zaidi ya kuinua kuliko la mbele. Mkia ukapanda, pua ikazidi kushuka. Huko Farnborough ilionekana kwamba ndege ikishainama kiasi cha digrii 15 hivi dhidi ya upepo, hata fimbo ikivutwa hadi mwisho haikuwepo nguvu ya kutosha kuirudisha. Tendo la kujiokoa ndilo lililomaliza kazi.

Ni hapa ambapo suala la kuivisha ndege vifaa linaingia. Si kila HM.14 iliyokuwa hatarini kwa kiwango kimoja. Mchoro ulichapishwa kwa injini nyepesi, lakini Waingereza wengi walifunga walichokipata, mathalani injini ya Carden-Ford iliyotokana na injini ya gari la Ford, ambayo ilikuwa na nguvu zaidi na uzito zaidi. (Sir John Carden, aliyeiandaa injini hiyo, aliuawa Desemba 1935 akiwa abiria katika ndege ya shirika la Ubelgiji, wapinzani wa ndege za nyumbani hawakupenda kukitaja kisa hicho.) Uzito wa injini, mahali pa kiti, na upana wa pengo baina ya mabawa vilitofautiana kutoka banda moja hadi jingine. Kila badiliko lilisogeza kitovu cha uzito au mtiririko wa hewa, na hakuna mjenzi aliyekuwa na namna ya kujua kwamba sentimita chache zilikuwa mpaka baina ya ndege tulivu na ndege isiyorudi. Mignet mwenyewe hakujua alipochapisha. Wajenzi wengi walikuwa wamefuata maelekezo kwa uaminifu, na uaminifu huo haukuwasaidia.

Vibali vilisitishwa, na kufikia mwanzo wa Vita Kuu ya Pili ndege hizo zilikuwa zimetoweka katika anga la Uingereza. Mignet alirekebisha jiometria ya mabawa baada ya vipimo, akaendelea kusanifu ndege kwa mtindo uleule katika nchi kadhaa hadi alipofariki mwaka 1965. Ndege za mabawa mawili yaliyofuatana zilizorithi mawazo yake zinaruka hadi leo bila tabia ile ya kuua. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, jambo hilo ndilo ushahidi mzito kuliko yote dhidi ya fasiri ya mikono mibovu: mafundi wa aina ileile, wakitumia mbao na gundi ileile, waliunda ndege salama pale tu mchoro ulipotengenezwa.

Marekani baada ya vita

Upande wa pili wa Atlantiki hali ilikuwa tofauti, na inatosha kuigusa kwa ufupi. Kanuni za usafiri wa anga zilizokazwa kabla ya vita zilikuwa zimebana mno ndege za nyumbani. Oregon ilikuwa ngome ya wajenzi waliopinga hali hiyo, na mwaka 1947 George Bogardus aliruka kutoka huko hadi Washington kwa ndege yake ndogo kuwashawishi maofisa. Hatimaye serikali ilikubali kundi maalumu la ndege za majaribio zilizoundwa na watu wasio na kiwanda. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha Experimental Aircraft Association katika jimbo la Wisconsin. Sharti kuu la kundi hilo lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mjenzi mwenyewe kwa ajili ya elimu au burudani yake. Sharti hilo linamtambua mjenzi kuwa ndiye muundaji wa ndege mbele ya sheria. Hivyo linampa pia uhuru wa kuacha mchoro.

Rutan, Long-EZ na mkono wa mafuta

Burt Rutan alirudi kwenye ndoto ya Mignet bila kumwiga. Ndege yake VariEze ya mwaka 1975, na baadaye Long-EZ, iliweka bawa dogo mbele na kubwa nyuma, ili bawa dogo lipoteze nguvu kwanza na pua ishuke yenyewe kabla bawa kubwa halijafikia hatari. Injini ilikaa nyuma, na kiunzi kilikuwa cha povu gumu lililovikwa nyuzi za kioo na gundi maalumu. Tofauti na 1934, michoro iliambatana na matokeo ya majaribio na maelekezo yaliyorekebishwa kila kasoro ilipogunduliwa. Rutan aliacha kuuza michoro mwaka 1985, mwaka mmoja kabla ya ndege yake Voyager kuizunguka dunia bila kutua.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver, rubani mwenye zaidi ya saa 2,700 angani, alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa ndani ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua muda mfupi uliopita kutoka kwa wengine. Ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani inasomeka kama maelezo ya chumba kimoja kidogo. Kwenye michoro, mkono wa kuchagua tangi la mafuta uko baina ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hii hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani, hofu ambayo ina mantiki, kwa kuwa bomba likipasuka moto humkuta rubani. Kwa hiyo aliuweka mkono huo nyuma ya bega la kushoto la rubani. Haukuwa na alama, ulikuwa mgumu kuzungushwa, na geji za mafuta zilikuwa nyuma, nazo hazikuwa na alama. Fundi mmoja alimpa Denver kioo ili aweze kuziona. Alipoulizwa kuhusu kuongeza mafuta, Denver alisema hahitaji, kwa kuwa angeruka kwa saa moja hivi.

Wachunguzi walipojaribu kuufikia mkono ule, waligundua kwamba rubani alilazimika kuiachia fimbo, kugeuza mwili mzima kuelekea kushoto na kunyoosha mkono wa kulia nyuma ya bega. Mwili ulipogeuka hivyo, mguu wa kulia ulielekea kukanyaga pedali. Bodi iliamua kwamba Denver alipokuwa akihangaika na mkono huo alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia na kupoteza udhibiti wa ndege. Miongoni mwa sababu zilizochangia ilitaja mafuta ambayo hakuyaongeza, mafunzo yasiyotosha ya kuizoea ndege mpya, na uamuzi wa mjenzi wa kuuweka mkono mahali pasipofikika.

Ikilinganishwa na 1936, lawama safari hii iligawanywa kwa haki zaidi, ingawa vyombo vya habari vya wakati huo vilirudia kauli za zamani kuhusu ndege za kujiundia. Ubora wa kazi ya mjenzi haukuwa chanzo cha kifo hicho. Kama ilivyokuwa kwa HM.14, rubani alikufa akifanya tendo lililokusudiwa kumwokoa, na ndege yenyewe ililigeuza tendo hilo. Tofauti ni kwamba mwaka 1936 hakuna aliyeweza kuliona kosa kwa macho, na ilibidi lipimwe kwenye handaki la upepo. Mwaka 1997 kosa lilionekana na kila aliyeketi katika kiti kile. Ndiyo sababu mtu alileta kioo.