Kutoka Bega la Mpagazi hadi Reli ya Umeme

Anayeshuka Kariakoo alfajiri kununua vitenge au dagaa hutamka jina la kikosi cha vita bila kujua. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi hapa. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, na kambi ilipoondoka jina likabaki.

Linaloniuma katika historia hii ni kwamba wakati huo upagazi ulikwisha kupata mrithi. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka bandarini. Kabla ya hapo binadamu ndiye aliyekuwa gari. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi njiani, kwa hiyo pembe za ndovu zilitoka bara mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari ya miezi. Treni ikaifanya safari hiyo kuwa ya siku chache.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikamrudisha mtu chini ya mzigo. Wajerumani walivunja madaraja ya reli wakirudi nyuma, na mapigano yakahamia Rufiji na kusini, kusikofika reli. Maelfu kwa maelfu ya vijana walichukuliwa kubeba unga na risasi, na wengi waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimikwa hapa mjini mwaka 1927 kuikumbuka vita hiyo na ambayo wazee wanaiita Bismini, inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwa maandishi tu. Kumbukumbu yake kubwa ni hili soko, na mtaa mmoja ndani yake unaoitwa Nyamwezi.

Reli nayo ilizaa watu wake. Gerezani, hatua chache kutoka sokoni, palikuwa na kota za wafanyakazi wa reli. Mwaka 1947 makuli wa bandari walipogoma, mgomo ulipanda treni: ulisambaa kwa wafanyakazi wa reli, stesheni baada ya stesheni, hadi bara.

Magari yalikuja taratibu zaidi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilianzishwa 1949, ikataifishwa 1970, na 1974 usafiri wa mjini ukawa chini ya shirika la UDA. Mabasi ya mikoani yalikuwa ya KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kampuni hiyo imekufa, lakini kila kondakta bado anaita "Kamata!" akikaribia pale njia ya reli inapokutana na barabara ya Nyerere. Napapenda mahali hapo kuliko pengine pote mjini, kwa sababu treni na gari vimekuwa vikipishana hapo kwa miaka mingi, na kimoja humngoja mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri na mafuta viliadimika, mabasi ya UDA yakalala karakana, na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha hadi 1983, serikali ilipoyaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala. Makondakta wakaipigia kelele, na daladala ikapata jina.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalifika, na tawi moja la njia yake likashuka Mtaa wa Msimbazi kutoka Faya hadi Gerezani. Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari za Morogoro, na Julai ikafika Dodoma. Inapotoka stesheni mpya hupita juu ya nguzo ndefu za zege, na aliye chini Kamata huinua macho kuitazama.

Chini ya nguzo hizo mzigo unaendelea na safari yake. Kontena hutoka bandarini kwa lori, bidhaa hugawanywa kwenye kirikuu na maguta, na Mtaa wa Kongo hapa Kariakoo unapojaa hata guta halipenyi. Hapo marobota hushushwa. Kijana hukunja kipande cha gunia, hukiweka begani, huinama, wenzake wawili humtwika, naye huanza kukimbia akisema, "Pisha! Pisha!"