Maumivu ya Nyonga Katika Ujauzito

Maumivu ya nyonga katika ujauzito ni maumivu yanayoshika viungo vya fupanyonga la mjamzito: mbele kwenye kinena, nyuma pale kiuno kinapokutana na matako, au kote kuwili, na mara nyingi hushuka mpaka mapajani. Hukadiriwa kumpata mjamzito mmoja katika kila watano. Hayamdhuru mtoto aliye tumboni. Mama, hata hivyo, huweza kushindwa kugeuka kitandani, kupanda ngazi au kutembea hadi kisimani. Makala hii inaeleza hali hiyo kwa jumla na jinsi inavyokabiliwa katika Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika eneo la takriban kilomita za mraba 25,000.

Jina

Mama akifika kliniki husema kiuno kinamuuma, na kwenye kadi huandikwa maumivu ya mgongo. Hapo mambo mawili huwa yamechanganywa. Miongozo ya Ulaya iliyotolewa 2008 iliyatenga maumivu ya nyonga na yale ya mgongo wa chini, kwa sababu mazoezi yanayoutuliza mgongo huweza kuichokoza nyonga. Isiolo kuna kikwazo kingine: maelezo ya mgonjwa huanza kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru kabla ya kufika kwenye Kiswahili cha muuguzi. Njia ya uhakika ni ya zamani: mama aoneshe kwa kidole.

Chanzo

Fupanyonga ni pete ya mifupa miwili ya nyonga na mfupa wa sakramu, iliyofungwa kwa viungo vitatu. Cha mbele, simfisisi, ni gegedu lenye upana wa milimita 4 hadi 5. Ujauzito hukiongezea milimita 2 au 3, na hilo ni jambo la kawaida. Pengo likizidi milimita 10, madaktari husema kiungo kimeachana, hali isiyotokea mara nyingi. Vile viwili vya nyuma hubeba uzito wa kiwiliwili na kuupeleka miguuni.

Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa homoni ya rilaksini, iliyogunduliwa na Mmarekani Frederick Hisaw mwaka 1926, kwamba hulegeza kano kupita kiasi. Tafiti za baadaye hazikuona uhusiano ulio wazi kati ya wingi wa homoni hiyo na ukali wa maumivu. Maelezo yanayokubalika sasa ni mapana zaidi: kano zimelegea, misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga imebadilika namna ya kufanya kazi, uzito umesogea mbele, na mzigo wa kila siku uko pale pale. Aliyewahi kuumwa mgongo, kuumia nyonga au kupata maumivu haya katika mimba iliyopita yumo hatarini zaidi.

Huo mzigo wa kila siku ndio unaoitofautisha Isiolo na vitabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Kwa wafugaji, kuchota maji, kukata kuni, kukamua, na hata kujenga na kubomoa nyumba familia inapohama ni kazi za wanawake. Misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 ilirefusha safari za maji. Punda naye, msaidizi mkubwa wa mama wa nyanda kame, alikuwa ameanza kuadimika katika miaka ya vichinjio vya punda, kabla serikali haijavipiga marufuku mwaka 2020. Marufuku hiyo ilibatilishwa mahakamani mwaka uliofuata. Punda akiibwa, mtungi huhamia mgongoni mwa mwanamke.

Dalili na uchunguzi

Maumivu huzidi mguu mmoja unapobeba uzito peke yake: kuvaa nguo kwa kusimama, kupanda ngazi, kushuka garini. Huzidi pia mapaja yanapopanuliwa na wakati wa kugeuka usiku. Wengine husikia kiungo kikialika. Uchunguzi hauhitaji eksirei. Mama hulala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka. Akishindwa, au mguu ukiwa mzito kuliko kawaida, mtaalamu huibana nyonga kwa mikono miwili na kumwambia ajaribu tena. Mguu ukiinuka kwa wepesi, jibu limepatikana.

Kazi ngumu ni kuyatenga maumivu haya na magonjwa yanayofanana nayo. Maambukizi ya njia ya mkojo huuma chini ya tumbo na kuchoma wakati wa kukojoa. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma katika wiki za mwanzo na huweza kuua. Katika nchi ya mifugo kuna pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia kupitia maziwa mabichi au kugusa kondo la mnyama aliyezaa. Ugonjwa huu hupenda kukaa kwenye viungo vile vile vya nyuma vya nyonga, na huweza kuharibu mimba. Maumivu ya nyonga yanayoandamana na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na uchovu mwingi yanafaa kupimwa damu, hasa kwa mama anayekamua au anayeuza maziwa, na Isiolo biashara ya maziwa ya ngamia yanayopelekwa Eastleigh, Nairobi, imo mikononi mwa wanawake. Doksisaiklini, dawa ya kawaida ya brusela, haipewi wajawazito, kwa hiyo kununua dawa kwa kukisia ni hatari. Maziwa yaliyochemshwa hayaambukizi brusela.

Dalili zinazotaka hospitali bila kungoja asubuhi ni kutokwa damu au maji ukeni, homa, uchungu unaokuja kwa vipindi kabla ya wiki 37, kichwa kuuma vikali pamoja na kuona maluweluwe, mtoto kupunguza kucheza, na miguu kufa ganzi au mkojo kushindikana.

Kukabili maumivu nyumbani

Ushauri ulioenea uliandikwa kwa ajili ya nyumba yenye kitanda, sofa na bomba la maji. Ukiletwa Kambi Garba au Kinna, huko Isiolo, inabidi ushonwe upya. Kanuni yenyewe ni moja, na ni nyepesi: magoti yakae pamoja, uzito ugawanywe pande mbili, na kazi ikatwe vipande vidogo.

Kulala ni kwa ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti na vifundo vya miguu. Blanketi lililokunjwa au leso mbili zilizoviringishwa hufanya kazi hiyo hiyo. Kugeuka hufanywa kwa magoti yaliyobanwa, mwili wote ukienda kwa pamoja. Anayelala kwenye mkeka au ngozi ana shida ya ziada ya kuinuka. Ageukie ubavuni, asimame kwa mikono na magoti, kisha ashike kigoda au nguzo na kujisukuma juu kwa miguu yote miwili. Kuinuka kwa kutanguliza mguu mmoja ndiko kunakoumiza.

Maji ni bora yabebwe kwa vitungi viwili vidogo vya lita 5, kimoja kila mkono, kuliko mtungi mmoja mkubwa wa upande mmoja. Safari huongezeka, na hapo ndipo ushauri unapogonga mwamba: anayetembea kilomita kadhaa hawezi kuzirudia mara mbili. Suluhisho la kweli ni mtu mwingine kuchota. Mtoto mkubwa asibebwe ubavuni. Kupika kwenye mafiga kufanywe kwa kuketi juu ya kigoda kirefu, bila kuchuchumaa, na sufuria nzito iteremshwe na mwingine. Choo cha shimo humlazimu mama kuchuchumaa kwa mapaja yaliyopanuka, kwa hiyo kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza, huwa msaada usiotarajiwa.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Isiolo, kurukuu na kusujudu katika swala tano za kila siku huweza kuwa mtihani. Sheria inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, hata kwenye kiti, na mjamzito ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani akihofia afya yake au ya mtoto. Wapo wanaojikaza licha ya ruhusa hiyo.

Usafiri unataka uangalifu. Bodaboda hupanua mapaja kwa anayekaa kama mwanamume na kupinda kiuno kwa anayekaa upande, juu ya barabara yenye mawe. Kiti cha mbele cha gari ni afadhali: mama aketi kwanza, kisha azungushe miguu yote miwili pamoja. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale imepunguza mitikisiko upande huo. Anayetoka Merti bado ana safari ndefu ya barabara ya vumbi.

Mwili usilazwe kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016 unapendekeza mazoezi ya kawaida wakati wote wa ujauzito ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga. Matembezi mafupi, kubana na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga, na kukunja mgongo kama paka ukiwa kwa mikono na magoti vinatosha kwa wengi.

Mshipi na leso

Mshipi wa nyonga hufungwa chini ya tumbo, ukizunguka mifupa ya nyonga, ili kuibana pete. Leso iliyokunjwa mara tatu na kufungwa kwa nguvu ya wastani hufanana nao. Mshipi huu usichanganywe na mkaja wa Pwani, unaofungwa tumboni baada ya kuzaa.

Dawa

Parasetamoli ndiyo huchaguliwa kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa dukani kama peremende, ziepukwe: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi yake kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa huweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Shubiri, mmea uliojaa maporini Isiolo, huharisha vikali na haifai kunywewa na mjamzito. Kukandwa mgongo na mapaja kwa samli ya uvuguvugu hakuna ubaya. Kukandwa tumbo ili kumgeuza mtoto kuna hatari.

Sindano za Kichina

Sindano za Kichina, yaani akupancha, zimetajwa na WHO miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika kwa maumivu haya.

Huduma

Mwaka 2014 shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu (UNFPA) liliitaja Isiolo miongoni mwa kaunti 15 zilizobeba sehemu kubwa kabisa ya vifo vya uzazi nchini. Takwimu hiyo nzito ilielekeza nguvu kwenye kutokwa damu na kifafa cha mimba, na maumivu yasiyoua yakabaki pembeni. Ada ya kujifungua katika hospitali za serikali ilifutwa Juni 2013. Mpango wa uzazi wa Linda Mama ulifuata chini ya mfuko wa bima ya hospitali (NHIF), na tangu Oktoba 2024 nafasi yake imeshikwa na Linda Jamii chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Isiolo mjini, na nyingine ziko Garbatulla na Merti. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023, hufika manyattani.

Kujifungua na baada yake

Maumivu haya peke yake si sababu ya upasuaji. Kabla ya uchungu kuanza, mama hulala chali na kupima kwa rula au kamba umbali ambao magoti yake yanaweza kuachana bila kuuma, kisha humpa mkunga kipimo hicho. Kulala ubavu au kupiga magoti na kushika chini kwa mikono hufaa kuliko kulala chali miguu ikiwa imeinuliwa. Kwa mwanamke aliyekeketwa na kushonwa, ambaye huenda akahitaji kufunguliwa kovu, kipimo hicho kina uzito zaidi, kwa hiyo mkunga aambiwe yote mawili mapema. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini kwa sheria ya 2011.

Baada ya kujifungua, wengi hupona maumivu ya nyonga ndani ya wiki chache. Arobaini, siku ambazo mzazi hupikiwa na kuchotewa maji na ndugu zake, huipa nyonga mapumziko ambayo daktari angeyaagiza. Wachache huendelea kuumwa kwa miezi, na hao ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.