Tushikie Simu, Utupige Moja

Kazi ya kwanza niliyolipwa maishani ilikuwa kupiga picha watu nisiowajua. Ilikuwa Desemba 2019, mjini Wote, kwenye bustani ya umma ambako jamaa waliotoka Nairobi kufunga mwaka huleta watoto wakimbie kwenye nyasi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imeisha, na subira ya baba ilikuwa inaelekea huko huko. Binamu yangu alinipa kamera yake, Canon ya zamani ambayo mkanda wake alikuwa ameurekebisha kwa uzi wa kiondo, kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Picha moja shilingi 100, unatumiwa jioni kwa WhatsApp.

Boxing Day nilipiga watu arobaini na kitu. Usiku nililala nikijiita mpiga picha.

Desemba 2021 nilirudi pale pale na kamera ile ile. Mama mmoja akaniita kutoka mbali, "Kijana wa kamera!" Nikakimbia. Akanipa simu yake. "Tushikie simu, utupige moja." Nikainua Canon. "Hapana, si na hiyo yako. Na hii." Nikawapiga. Nne, kusema kweli, kwa sababu mtoto alikuwa anafumba macho. Akasema asante mwanangu, Mungu akubariki. Siku hiyo nilibarikiwa mara kumi na mbili na nikarudi nyumbani na shilingi 200.

Kilichotokea kati ya Desemba hizo mbili si siri. Julai 2020 Safaricom ilianza Lipa Mdogo Mdogo: unachukua simu ya 4G na kuilipia shilingi 20 kwa siku. Shilingi ishirini, jameni. Mimi nilikuwa nauza picha moja kwa bei ya siku tano za simu nzima. Hata mimi ningekuwa mteja wangu, ningejihama.

Lakini swali lilinibaki kichwani, na kwa kuwa sina mhadhiri wa kunikataza nimekuwa nikilifuata mwenyewe, kwenye vitabu vya bure vya mtandaoni na maktaba za watu: mgeni anapokuja mahali, ni nani anashika kamera, na picha ni ya nani?

Mgeni maarufu wa kwanza kuja Kitui kutazama mandhari hakuwa na kamera. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na kanisa la Kiingereza, alifika kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka akauona Mlima Kenya na weupe wake juu. Mwenzake Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka mmoja kabla. Walipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia London, hasa William Desborough Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga huku, waliwacheka. Upigaji picha ulikuwa tayari umetangazwa Ufaransa mwaka 1839, kwa hiyo kifaa kilikuwapo duniani miaka kumi. Ila nani angebeba masanduku yale ya vifaa na dawa kutoka Rabai hadi Kitui? Wapagazi, bila shaka, na majina yao tusingeyapata. Kinachonichekesha ni kwamba Wakamba waliomweleza Krapf habari za mlima ule hawakuhitaji ushahidi. Walikuwa wanauona asubuhi wakitoka nje.

Kamera ya kubeba mkononi ilikuja baadaye. George Eastman aliitoa Kodak mwaka 1888, na mara moja wenye maeneo ya starehe wakapata kichwa kuuma kama changu, upande wa pili. Maonyesho ya dunia ya Chicago, 1893, ndiyo mfano ninaoupenda. Mpiga picha rasmi, Charles Dudley Arnold, alitaka picha za pale ziwe biashara yake. Mgeni mwenye kamera yake ndogo alitakiwa kulipa dola 2 kwa siku, na kamera ya miguu mitatu ilikataliwa kabisa. Dola mbili, wakati kiingilio chenyewe kilikuwa senti 50! Yaani kuona ilikuwa rahisi, kubeba ulichokiona nyumbani ndiko kulikokuwa ghali. Na miongoni mwa vitu vya kuonwa kwenye mtaa wa burudani wa maonyesho yale kulikuwa na watu: kijiji cha Dahomey, na Waafrika ndani yake wakiishi na kucheza ngoma mbele ya waliolipa.

Kutokana na maonyesho hayo kulizaliwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Ndilo lililonunua, miaka ya 1920, ngozi za simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Patterson aliyewaua aliuza kwa dola 5,000. Tsavo ni majirani zetu, ukishuka Mtito Andei uko langoni. Leo anayetaka selfi na simba wale wawili apande ndege kwenda Marekani.

Kamera zilifika kwetu pamoja na Biblia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Kijerumani walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na baadaye Mulango, karibu na Kitui mjini. Walipiga picha za nyumba, za wanafunzi, za wanawake wamebeba mizigo. Picha nyingi za misheni ya Leipzig zimewekwa mtandaoni na chuo kikuu kimoja cha California, na usiku bando zikiwa rahisi mimi huzipitia. Maelezo yanataja kabila, mahali, shughuli. Mmisionari mara nyingi ana jina. Mwanamke aliyebeba kuni ni mwanamke aliyebeba kuni. Baadaye, 1910 hadi 1912, akaja Msweden Gerhard Lindblom, akazunguka Ukambani akiandika mila, vitendawili, hata majina ya wadudu. Kitabu chake ni kinene na kina picha, na wasomi wa Kikamba bado wanakitumia. Mimi pia nakitumia, sitaki kuonekana sina shukrani. Alirudi kwao na mizigo ya vitu vyetu na hatimaye akawa mkurugenzi wa makumbusho ya Stockholm. Mtu anayehesabu mpaka wadudu!

Nilipokuwa darasa la saba, 2012, shule yetu ilitupeleka Nairobi. Mlolongo ulikuwa ule ule wa shule zote: uwanja wa ndege kwa mbali, wanyama, kisha Bomas of Kenya. Bomas ilianzishwa na serikali mwaka 1971 kuhifadhi ngoma na ujenzi wa jamia zetu na kuwaonyesha watalii. Kulikuwa na boma la Wakikuyu, la Waluo, na kadhalika. Tulipofika la Wakamba mwalimu akasema, "Haya, hapa ndipo kwenu." Tukatazamana. Kwetu ni mabati na tangi la plastiki. Tukajipanga mbele ya nyumba ya nyasi tusiyowahi kulala, mwalimu akatupiga kwa simu yake, na nyuma yetu wazungu wawili wakatupiga pia, watoto wa Kikamba kwenye mazingira yao ya asili. Sijui tuko kwenye albamu ya nani leo, Ubelgiji au wapi. Baadaye wachezaji wakaruka ile mbeni ya sarakasi na nikasahau kila kitu, kwa sababu walikuwa wazuri ajabu.

Kituo cha mwisho cha safari, mahali sitapataja, mpiga picha alisimama mlangoni akatupiga mmoja mmoja tukiingia. Tukitoka, picha zilikuwa zimeshachapwa, zimetandazwa juu ya kitambaa. Shilingi 50. Niliiona yangu. Nimecheka, jino moja limevunjika, tai iko upande. Nilikuwa na shilingi 20. Nilisimama pale mpaka basi likapiga honi. Nilipokuja kushika kamera Wote, nilikuwa na sheria moja tu: mtoto hadaiwi.

Lakini sitaki usikie kwamba kulipia picha ni uonevu. Nyumbani tuna picha ya baba ya 1994, alipokuwa kibarua Mombasa. Wakati huo pale Likoni, karibu na feri, wapiga picha wa mtaani, wengi wao watu wa bara kama yeye, walikuwa wamegeuza vibanda kuwa studio zenye mapazia ya kuchorwa, maua ya plastiki na makaratasi ya kung'aa. Mtaalamu Mjerumani, Heike Behrend, ameziandikia kwa mapenzi makubwa. Baba amesimama mbele ya meli kubwa nyeupe iliyopakwa rangi. Hajawahi kupanda meli yoyote isipokuwa feri, na feri ni bure. Picha ilitumwa Makueni kwa basi, mama akaolewa na yule mtu wa meli. Aliyeshika kamera pale hakumuuliza baba yeye ni kabila gani wala anaishi nyumba ya aina gani. Alimuuliza anataka kusimama wapi.

Sasa Nzambani. Ukitoka Kitui mjini kuelekea Mutomo, kwa susu yangu mzaa mama, unapita lile jiwe kubwa limesimama peke yake kama mtu aliyesusa. Kuna ngazi za chuma hadi juu, unalipa kiingilio. Hadithi kila Mkenya anaijua: ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke, mwanamke anakuwa mwanamume. Nimekaa pale chini siku nyingi nikitafuta kazi na sijaona mtu akimaliza mizunguko saba. Wanaanza, wanarekodi, mzunguko wa kwanza wanacheka, wa pili miiba, wa tatu wanarudi kwenye gari na video imeshatosha. Zamani wazee walitumia hadithi ile kutisha watoto. Siku hizi hadithi yenyewe ndiyo mtambo wa burudani, na bila simu sidhani nusu ya wageni wangekuja. Hilo si baya. Kijana anayeuza maji pale anakula.

Ubaya niliuona kwingine. Susu ni mcheza kilumi. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee, ya kuomba mvua na ya aimu, mizimu yetu, na mtu akishikwa na ngoma hawi yeye kwa muda. Mwaka 2022, mwaka ule wa ukame, kulikuwa na siku ya utamaduni kijijini na wageni walikuja na simu juu. Wiki mbili baadaye binamu alinitumia video ya sekunde thelathini. Susu, macho yamegeuka juu, shuka limeanguka begani. Ngoma ilikuwa imefutwa, ukawekwa wimbo wa kuchekesha. Juu yake: "Wachawi wa Kitui." Nyinyi mnaojua mizaha ya Kenya kuhusu Ukambani na kamuti mnajua maoni yalivyokuwa. Mimi niliyasoma yote, na sijui kwa nini niliyasoma yote.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 inalinda faragha kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafanya uso wako kuwa data yako. Septemba 2023 Kamishna wa data aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na shule ya Roma, Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Niliposoma habari hizo niliruka kitandani. Nikaenda kwa susu nikamweleza kwa Kikamba cha haraka kwamba tunaweza kulalamika. Akanisikiliza akichambua mbaazi.

"Nikashtaki nini, mwana wakwa? Kwamba nilicheza?"

"Kwamba hawakukuuliza, susu."

"Waliandika jina langu?"

Nikasema hapana.

"Basi waliiba kidogo, wakaacha kubwa," akasema, na sikuelewa kama ananituliza au anasikitika. Hatukulalamika. Akaunti yenyewe ilifutwa, ikazaliwa nyingine.

Aprili iliyopita nilimwonyesha zile picha za Ikutha kwenye simu yangu. Nilidhani ataona za ajabu. Aliona za kawaida: mukwa umefungwaje kwenye paji la uso, mzigo umekaa vibaya, huyu ataumia shingo. Kidole chake kiligusa kioo picha ikakua ghafla, sura ya yule mwanamke ikajaa simu nzima, susu akarudi nyuma kidogo kisha akacheka. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia hawakuandika.

"Andika wewe."

"Susu, simjui."

"Mwite Mwikali, mpaka mwenyewe apatikane."

Chaji ilikuwa asilimia nne. Niliihifadhi picha, nikafuta zile namba ndefu za maktaba, nikaandika mwikali. Halafu akaniambia nishike simu vizuri, avae leso ile mpya, nimpige na yeye moja, amesimama, si amekaa.