Mifongo, Samadi na Mkaa wa Kibosho

Kabla Wajerumani hawajamshambulia Mangi Sina, mtawala wa Kibosho, mwaka 1891, nchi yake kwenye miteremko ya Kilimanjaro tayari ilikuwa na sheria kali za maji. Mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa jembe kando ya makorongo, iliteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, mashamba ya migomba yazungukayo nyumba. Kila mfongo ulikuwa na mkuu wake aliyegawa zamu na kuitisha kazi ya kuzibua. Aliyekwepa alitozwa faini, na mara nyingi faini yenyewe ilikuwa mbege, pombe ya ndizi.

Alfajiri ilikuwa ya akina mama. Waliteka maji ya kunywa yangali matulivu, mifugo haijayafikia wala hayajafunguliwa kwenda migombani. Saa ndiyo iliyofanya kazi ya chujio.

Ng'ombe naye hakuzurura. Alifungwa ndani, akala majani yaliyopandishwa kutoka tambarare vichwani mwa wanawake, pamoja na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Kinyesi na mkojo vililowesha matandiko hadi yakawa samadi, na samadi ikaenda shinani mwa mgomba. Kahawa ya wamisionari ilipoenea, na wakulima wakaunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, mibuni nayo ikalishwa samadi hiyohiyo. Ni ustadi mkubwa: ardhi finyu imelimwa vizazi kwa vizazi bila kuchoka.

Lakini samadi ina kitu ambacho alfajiri haikichuji. Ng'ombe jike, hasa mwenye mimba, hutoa homoni za estrojeni kwa mkojo na kinyesi, na mvua kubwa huweza kuzisomba hadi mtoni. Kiasi kidogo mno hudhuru. Kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti nchini Kanada walitia estrojeni ya vidonge vya kupanga uzazi katika ziwa moja la Ontario, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume ya samaki wadogo yakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii yao ikakaribia kutoweka ziwani. Maji ya Weruweru, yapitayo kando ya Kibosho, huishia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko watu wanaishi kwa uvuvi.

Dawa inayochunguzwa duniani ni bayocha, mkaa wa mabaki ya mimea uliochomwa kwa hewa haba. Vitundu vyake na kaboni yake hunasa homoni. Ukitiwa asidi au mvuke, uwezo huo huongezeka, na ukitiwa chuma huweza hata kuokotwa majini kwa sumaku. Mkaa wa kusafisha maji si mgeni kaskazini mwa Tanzania: kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi ya kupunguza floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kibosho ina maganda ya kahawa ya kuchoma. Mahali pa kuanzia ni mlangoni pa banda, pale mkojo unapotokea: mkaa uunyonye hapo, kisha uzikwe kihambani pamoja na samadi, mbali na ukingo wa mfongo.