KOPO LA MAFUTA NA ULIMI WA WAKILI

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nilidhani anataka habari za shule yetu hapa Mtinko. Hizo nawaachia waliotutangulia, maana wao walikuwepo na mimi nilikuta meza zimekwisha kupangwa. Nitaandika juu ya jambo lililoanza kunisumbua mwaka 2011, nalo ni namna mawakili wa nchi hii walivyofundishwa kusema mbele ya mahakama, hasa katika kesi za alama za biashara na mali nyingine za akili ambazo siku hizi tunaziita miliki bunifu.

Mwaka huo ndugu mmoja tuliyesoma naye, ambaye wengi wenu mtamtambua bila mimi kumtaja, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Mafuta yake yalikuwa mazuri, na kopo lake lilikuwa na rangi mbili na picha ambayo mama wa soko lolote la Singida aliijua kwa mbali. Alikuwa mtu makini, kwani alikwenda kusajili alama yake kwa Msajili, pale BRELA, akapewa hati. Baada ya miaka miwili akatokea mfanyabiashara mwingine mwenye kopo la rangi zile zile, na jina lililotofautiana na lake kwa herufi mbili tu. Mauzo yakaanguka. Kwa kuwa kesi ya kuingilia alama iliyosajiliwa hupelekwa Mahakama Kuu, ilitubidi tufunge safari ya Dodoma, naye akaniomba nimsindikize kwa sababu mimi ni mtumishi wa Serikali na nimezoea makabrasha.

Wakili wetu alikuwa msomi mzuri, na hoja zake za maandishi zilisomeka vizuri. Kazi ilimshinda aliposimama. Alimwongoza shahidi wake, yaani huyu ndugu yetu, kwa dakika arobaini juu ya historia ya biashara yake, akamwachia ashuke kizimbani. Ndipo akakumbuka kopo. Akalitoa mkobani mwake ili alikabidhi mahakamani. Wakili wa upande wa pili akasimama taratibu, akasema kwamba msomi mwenzake si shahidi, hakula kiapo, na hawezi kutoa kielelezo kutoka mezani kwake. Pingamizi likakubaliwa. Kuhusu hati ya usajili, iliyoletwa ilikuwa nakala, nayo ya asili ilikuwa imebaki nyumbani sandukuni. Hata mnunuzi mmoja aliyewahi kuchanganya makopo yale mawili hakuitwa. Kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi, na mashine ile ikauzwa kabla ya mwaka kwisha. Vijana sita waliokuwa wakiifanyia kazi walirudi kulima vitunguu.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira kwa wakili yule. Baadaye nilipoanza kusoma habari za elimu ya sheria, hasira ikapungua, nikaanza kujiuliza swali lingine. Je, ni nani aliyepata kumfundisha kazi ile?

Yafaa ikumbukwe kwamba elimu ya sheria nchini ilianza Oktoba 1961, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, chini ya Profesa A. B. Weston. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Nchi ilihitaji watu wa kuandika sheria, kushauri wizara na kuendesha mashirika ya umma. Kitivo kilifanya kazi hiyo kwa sifa, na mijadala yake juu ya sheria na maendeleo ilisikika mbali. Lakini kusimama mahakamani ni ufundi, kama useremala, na ufundi haupatikani katika ukumbi wa mihadhara.

Wenzetu Kenya walianzisha shule ya kufundisha mawakili kwa vitendo mwaka 1963, na Uganda ikaunda Law Development Centre mwaka 1970. Sisi tulichukua njia ya kumpeleka mhitimu kufanya kazi kwa muda chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akafanyiwa mtihani na Baraza la Elimu ya Sheria, ndipo akaapishwa na Jaji Mkuu. Njia hiyo iliwaandaa watu wengi hodari. Tatizo lake ni kwamba kila mmoja alijifunza kwa kadiri ya mkubwa aliyemwangukia. Aliyempata bwana mwenye subira alitoka fundi. Aliyepewa kubeba mafaili alitoka hodari wa kubeba mafaili. Shule ya Sheria kwa Vitendo ilipatikana kwa sheria ya mwaka 2007, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Wakili wetu wa Dodoma alikuwa amekwisha kuapishwa zamani.

Kwa upande wa alama za biashara pengo lilikuwa kubwa zaidi, na sababu zake ni za kihistoria. Wakati wa ukoloni aliyetaka hataza katika Tanganyika alipaswa kwanza awe nayo Uingereza, na hapa alikuja kuiandikisha tu. Kazi ya wakili ilikuwa ya tarishi wa heshima, kujaza fomu na kulipa ada. Sheria yetu wenyewe ya Alama za Biashara na Huduma ilipitishwa mwaka 1986, ya Hataza mwaka 1987 (nayo ikaanza kutumika mwaka 1994), na ya Hakimiliki mwaka 1999. Hata hivyo, kwa muda mrefu viwanda vingi vilikuwa vya umma, na shirika la umma halikuwa na haja ya kulishitaki jingine kwa kuiga kopo. Soko lilipofunguliwa, makopo yakawa mengi, waigaji wakawa wengi, lakini mawakili waliowahi kumhoji shahidi juu ya rangi ya kopo walikuwa adimu. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ilianza mwaka 1999, na humo ndimo baadhi yao walipojifunzia, kwa gharama za wateja.

Huko nje nako tatizo hili lilikuwapo. Uingereza walipofungua mahakama ya hataza ya ngazi ya chini mwaka 1990, mawakala wa hataza, ambao kwa desturi walikuwa wahandisi na wakemia wa mezani, waliruhusiwa kuzungumza humo. Ikabidi kwa miaka iliyofuata watengenezewe mafunzo na vyeti vya utetezi, kwa sababu kuijua mashine si sawa na kumweleza jaji mashine. Marekani walikuwa wameanzisha taasisi ya kufundisha utetezi, NITA, mwaka 1971. Njia yao ni rahisi. Mwanafunzi husimama, huongea dakika chache, husimamishwa, huonyeshwa kosa moja tu, kisha hurudia. Mwalimu naye husimama na kuonyesha inavyofanywa. Mimi hiyo naiona ni jando ya mawakili, na sioni aibu kuifananisha hivyo.

Ufundi wenyewe ni nini? Naandika haya kwa ajili ya vijana wa sasa hapa shuleni. Unapomwongoza shahidi wako, humwekei jibu mdomoni. Unamuuliza nani, nini, wapi, lini. Kielelezo hutolewa na shahidi anayekifahamu: anakitambua kwanza, anaeleza amekitambuaje, ndipo anaiomba mahakama ikipokee. Katika rufaa ya jinai ya Robinson Mwanjisi, mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba hati hupokewa kwanza ndipo isomwe, wala si kinyume chake. Zamu ya maswali ya dodoso inapofika mambo hugeuka: hapo unauliza swali fupi ambalo jibu lake unalijua tayari, na ukilipata unakaa chini.

Sisi tulifundishwa nusu ya mambo haya pasipo kujua. Wanaokumbuka midahalo ya Ijumaa watakumbuka jinsi msemaji alivyokatizwa kwa “hoja ya utaratibu”, na jinsi mwenyekiti alivyokuwa akigonga meza kwa kifutio. Kasoro ilikuwa moja. Tulishindana kwa Kiingereza kirefu, aliyetumia neno gumu akapigiwa makofi, na hakuna aliyeuliza amethibitisha nini.

Suala la lugha nalo lilituumiza Dodoma. Ndugu yetu alisema kwa Kiswahili kwamba makopo yale “yanapotezana”, neno la sokoni, akimaanisha mtu hulifuata moja akaishia kwenye jingine. Kwenye kumbukumbu za Kiingereza likaandikwa kwamba makopo yanafanana. Kufanana hakutoshi, maana sheria inatafuta kama mnunuzi hupotoshwa. Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwalimu wa utetezi sasa ana kazi mpya ya kufundisha dodoso kwa lugha ambayo mashahidi wanaijua kuliko wasomi wengine.

Shule ya Sheria nayo haikosi matatizo. Mwaka 2022 nchi ilishtuka iliposikika kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walilaumu shule, wengine vyuo vikuu. Kwa maoni yangu hesabu ile ilikuwa chungu, lakini naona afadhali kijana aanguke darasani kuliko aangukie juu ya mashine ya mtu.

Binti mmoja wa hapa kwetu, aliyepitia shule hiyo, alinisimulia zoezi walilopewa la kesi ya kuigiza juu ya chupa mbili za mafuta. Yeye alipewa upande wa mlalamikaji. Akamwita mwenzake aliyeigiza mama wa sokoni.

“Mama, ulisoma nini kwenye chupa?”

“Sikusoma mwanangu, niliangalia rangi.”

Akaketi. Mwalimu akamwambia hilo ndilo swali lake bora kwa siku ile.

Ndugu yetu naye amekamua tena tangu mwaka 2019, kwa mashine ndogo, na alama mpya. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, na kila unapohuishwa huongezwa miaka kumi. Ameniomba nimkumbushe tarehe. Makabrasha ya kesi ya Dodoma bado ninayo. Mwanafunzi au mhitimu anayesomea sheria akiyataka, aniulize siku ya mkutano wetu, nami nitakuja nayo.